Bonasi ya Chai Ina Wenyewe Wangapi? Nadharia ya Wadau kwa Mkulima wa Kapkatet

Ukitoka Litein kuelekea Sotik ukapitia Kapkatet mwezi wa Oktoba, utajua bonasi imeingia hata kabla hujaambiwa. Foleni kwa wakala imefika barabarani, mabati yanapakiwa kwenye pikapu, na kila mtu ameinamia simu. Mwaka ambao bonasi ni mbaya utajua pia. Wakala anakaa peke yake, na kule kiwandani watu wamesimama langoni wakiuliza, "Pesa yetu imeenda wapi?"

Swali hilo ni la hesabu, lakini ni la maadili ya biashara pia. Wanaosomea usimamizi chuoni hulikuta chini ya jina "nadharia ya wadau". Hapa tutaieleza nadharia hiyo kwa mifano ya majani chai, halafu tuone inavyokusaidia ukipokea malipo kwa simu, ukichukua mkopo, ukimlipa mchumaji wako au ukienda mkutano mkuu wa kiwanda. Na kwa kuwa sisi tunaokuandikia ni kampuni ya malipo, tutajipima kwa mizani hiyo hiyo.

## Mwanahisa ni nani, na mdau ni nani?

Mwanahisa ni mtu aliyeweka pesa kwenye kampuni na anamiliki kipande chake. Mdau ni yeyote anayeweza kuumia au kufaidika kutokana na yale kampuni inafanya, au anayeweza kuisaidia au kuikwamisha: wafanyakazi, wateja, wanaoiuzia malighafi, majirani, serikali, waliokopesha, na wanahisa wenyewe.

Kwa miaka mingi watu walibishana ni nani kampuni inapaswa kumtumikia. Mwezi wa Septemba 1970, mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman aliandika katika gazeti la New York Times kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida, mradi ifuate sheria na kanuni za jamii. Hoja yake si ya kipumbavu. Alisema meneja ameajiriwa na wenye mali; akianza kugawa pesa yao kwa mambo anayoyaona yeye ni mazuri, anatumia pesa isiyo yake.

Mwaka 1984, profesa R. Edward Freeman, pia wa Marekani, akatoa kitabu cha usimamizi kilichoifanya nadharia ya wadau ijulikane kote. Kwa ufupi alisema hivi: kampuni ni mkusanyiko wa mahusiano. Bila anayeleta malighafi, anayefanya kazi, anayenunua na jirani anayeivumilia, hakuna faida ya kugawa. Kwa hivyo meneja mzuri anawajua wadau wake wote na kutafuta njia ambayo kila mmoja anapata sababu ya kubaki.

Siku hizi hata sheria yetu inagusa jambo hili. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 143, inamtaka mkurugenzi aendeleze kampuni kwa faida ya wanachama wake, lakini akifanya hivyo azingatie matokeo ya muda mrefu, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wateja na wanaoiuzia kampuni bidhaa, na athari kwa jamii na mazingira. Kwa hivyo ukisimama kwenye mkutano ukauliza, "Hii itatuathiri vipi sisi tunaoleta majani?", hujatoka nje ya ajenda.

## Mkulima mdogo wa chai anavaa kofia mbili

Katika vitabu vingi mwanahisa na muuzaji wa malighafi ni watu wawili tofauti. Mmoja anataka kampuni inunue kwa bei ya chini ili faida ipande, na mwingine anataka auze kwa bei ya juu. Kwetu sisi ni mtu mmoja.

KTDA ilianza mwaka 1964 kama shirika la serikali la kuendeleza chai ya wakulima wadogo, na mwaka 2000 ikabinafsishwa. Muundo wake uko hivi: mkulima ana hisa katika kampuni ya kiwanda chake, kama Kapkatet au Litein. Kampuni za viwanda, ambazo ni 54, ndizo zinazomiliki KTDA. Kisha KTDA inavisimamia viwanda hivyo na kulipwa ada. Wakulima walio nyuma ya muundo huu ni zaidi ya 600,000.

Kwa hivyo wewe unayepeleka majani senta ni muuzaji, na pia ni mwenye kiwanda. Kama muuzaji unataka malipo makubwa kila mwezi. Kama mwenyewe unataka kiwanda kilipe madeni, kinunue mashine mpya na kisizime moto mwaka ujao. Kofia hizi mbili zinavutana kichwani mwa mtu mmoja, na ndiyo maana mazungumzo ya bonasi huwa makali. Mkurugenzi akisema "tumebakisha pesa ya kukarabati kiwanda," anamjibu mwenye kiwanda. Mama anayelia karo anauliza kama muuzaji. Wote wawili wana haki, na mara nyingine ni huyo huyo mama.

## Hesabu ya kilo moja

Tufanye hesabu ya mfano. Namba za hapa chini si za kiwanda chochote. Tunazitumia kuonyesha jinsi bonasi inavyopatikana.

Inahitajika karibu kilo 4.5 za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyotengenezwa. Tuseme kilo hiyo moja imeuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola 2, na dola moja ni shilingi 130. Hiyo ni shilingi 260. Gawanya kwa 4.5, unapata karibu shilingi 58 kwa kila kilo ya majani uliyopeleka.

Kutoka kwa hizo 58 kuna kuni, umeme, mishahara, lori la kubeba majani, usafiri hadi Mombasa, dalali wa mnada, riba ya mikopo na ada ya usimamizi. Tuseme vyote ni shilingi 24. Zinabaki 34. Kila mwezi ulikuwa unalipwa 22. Kwa hivyo bonasi yako ni shilingi 12 kwa kilo.

Sasa bei ya mnada ishuke kidogo tu, kwa asilimia 10, kutoka dola 2 hadi dola 1.80. Kilo ya majani inaleta shilingi 52 badala ya 58. Gharama ni zile zile 24, na malipo ya mwezi uliyokwisha kula ni yale yale 22. Inabaki shilingi 6.

Bei imeshuka asilimia 10, bonasi imeshuka nusu.

Sababu ni kwamba bonasi ni kile kinachobaki baada ya wadau wengine wote kulipwa. Muuza kuni amelipwa, benki imelipwa, mfanyakazi amelipwa, msimamizi amelipwa. Mkulima yuko mwisho wa foleni. Mwaka mzuri, aliye mwisho anabeba kapu zima lililobaki. Mwaka mbaya anakuta sufuria imekwanguliwa. Kwa upande mwingine, ukipunguza gharama kwa shilingi 3 tu kwa kilo, katika mfano wetu bonasi inapanda kutoka 12 hadi 15. Ndiyo maana maswali kuhusu gharama za kiwanda ni maswali kuhusu pesa yako moja kwa moja.

Kwa mkulima wa kilo 3,000 kwa mwaka, bonasi ya shilingi 12 ni 36,000, na ya shilingi 6 ni 18,000. Kiwango kilichowekwa na serikali kwa shule nyingi za bweni kimekuwa shilingi 40,535 kwa mwaka. Kwa familia nyingi, tofauti hiyo ndiyo inaamua kama mtoto atafungua shule na wenzake au atabaki nyumbani akingoja.

## Mbona upande wa pili wa Bonde la Ufa wanapata zaidi?

Kila mwaka mkulima wa Kericho, Bomet, Kisii na Nyamira husikia bonasi ya wenzake wa mashariki ya Bonde la Ufa, kule Murang'a, Kirinyaga au Meru, na moyo unamuuma. Viwanda vya mashariki kwa kawaida hulipa zaidi, na pengo hilo limeshaleta maandamano. Maelezo yanayotolewa ni kwamba chai ya mashariki inapata bei ya juu zaidi mnadani kwa sababu ya ubora na ladha yake. Wakulima wa huku hujibu kwamba hata kama ni hivyo, wanataka kuonyeshwa namba.

Kuna funzo moja la wadau hapa. Mwezi wa Julai 2021 iliwekwa bei ya chini ya mnada, dola 2.43 kwa kilo, kwa nia ya kumlinda mkulima. Lakini mnunuzi naye ni mdau, na hana anayemlazimisha kununua. Ukimwambia chai zote zianzie bei moja, atachukua kwanza ile anayoipenda zaidi. Viwanda vya magharibi vikalalamika kwamba chai yao inabaki ghalani, na baadaye bei hiyo ikaondolewa. Uamuzi uliokusudiwa kumsaidia mdau mmoja ulipita kwa mdau mwingine ukarudi kwa sura tofauti. Nadharia ya wadau inamwambia anayeamua afuate uamuzi wake hadi mwisho wa mnyororo kabla ya kutia sahihi.

## Nani husikizwa? Nguvu, haki na haraka

Kusema "tunawajali wadau wote" ni rahisi. Kazi ni pale maslahi yanapogongana na meneja hana muda wa kumsikiza kila mtu. Mwaka 1997 watafiti watatu, Mitchell, Agle na Wood, walijaribu kueleza ni wadau gani hasa husikizwa na mameneja. Walitaja mambo matatu:

- Nguvu: je, mdau anaweza kuilazimisha kampuni?
- Haki: je, dai lake linakubalika kuwa la halali?
- Haraka: je, jambo lake linaweza kungoja?

Mwenye yote matatu anasikizwa mara moja. Mwenye haki na haraka lakini bila nguvu anabaki akingojea mtu mwenye nguvu amsimamie.

Nchi ya chai inalijua hili vizuri kuliko kitabu chochote. Mwezi wa Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Wanawake hao walikuwa na haki, na jambo lao halikuwa la kungoja. Walichokosa ni nguvu, maana aliyekuwa akiwanyanyasa ndiye aliyekuwa akiwapangia kazi. Kampuni kubwa huwa na sera nzuri za maadili zilizoandikwa. Lakini sera ya karatasi haimsaidii mtu ambaye njia yake ya kulalamika inapitia kwa yule anayemlalamikia. Kilichobadilisha mambo ni kamera, na wanunuzi wa ng'ambo walioanza kuuliza maswali.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo, waandamanaji huko Kericho walichoma mashine za kuchuma chai, wakisema zinawapokonya vijana na akina mama kazi. Kampuni zilikuwa na hesabu yao: mashine inachuma kwa gharama ya chini. Mchumaji alikuwa na yake: hakuna kazi nyingine hapa. Hatuungi mkono kuchoma mali ya mtu. Lakini tukiangalia kwa macho ya utafiti huo, mdau mwenye haraka ambaye hana meza ya kuketi hutafuta nguvu barabarani, na hapo kila mmoja hupoteza.

Kuna pia njia nyingine ya kumpa mdau nguvu, nayo ni kumfanya mwanahisa. Mwaka 2023 James Finlay ilipotangaza kuiuzia Browns Investments ya Sri Lanka mashamba yake ya Kenya, ilisema asilimia 15 ya hisa itatengewa ushirika wa wenyeji. Mwenye hisa anaingia mkutano mkuu kwa haki yake. Hata hivyo, mkulima wa KTDA anajua kwamba kuwa na hisa ni mwanzo tu. Hisa bila kusoma vitabu vya hesabu ni cheti cha kuweka kwenye sanduku.

## "Wadau wote" inaweza kuwa kichaka cha kujificha

Nadharia hii ina wapinzani wenye hoja nzuri. Mmoja wao, Michael Jensen, aliandika kwamba ukimwambia meneja amtumikie kila mtu, umemwachilia asimjibu mtu yeyote. Faida ikishuka atasema aliwajali wafanyakazi. Wafanyakazi wakilia atasema aliwajali wenye hisa. Mwaka 2019 wakuu 181 wa kampuni kubwa za Marekani walitia sahihi tamko kwamba kampuni zao zitawatumikia wadau wote, na swali lililofuata lilikuwa rahisi: ni nini kitabadilika Jumatatu asubuhi?

Huku kwetu neno "wadau" limechoka kwa mikutano ya hoteli. Kwa hivyo ukilisikia, uliza mambo matatu. Wadau gani, kwa majina? Wamepewa nini ambacho kinaweza kupimwa? Na wakikosa, watamlalamikia nani aliye na uwezo wa kurekebisha? Kama hakuna majibu, hayo ni maneno ya bango.

## Na wewe una wadau wako

Mkulima mwenye ekari moja ni msimamizi pia. Anayekuchumia majani kwa kilo ni mdau wako wa kwanza. Mtazame kwa yale mambo matatu. Ana haki, kwa sababu kazi ameifanya. Ana haraka, kwa sababu unga wa leo unatoka kwa kilo za leo. Nguvu hana, kwa sababu kesho unaweza kumwita mwingine. Na bonasi ikiingia yeye hapati ujumbe wowote, ingawa mikono yake ndiyo iliyochuma majani mawili na chipukizi ambayo kiwanda kinataka.

Hatusemi lazima umgawie bonasi. Kuna mambo madogo ambayo simu yako inaweza kufanya leo:

- Mlipe kwenye laini yake mwenyewe, si ya mumewe wala ya kaka yake, isipokuwa yeye ndiye amekuomba hivyo.
- Lipa siku mliyokubaliana. Deni la shilingi 300 kwako ni dogo, kwake ni chakula cha jioni.
- Tuma na ya kutoa. Mkikubaliana kilo 40 kwa shilingi 10, mshahara wake ni 400. Ukituma 400 kamili, na yeye akatwe akitoa kwa wakala, umemlipa pungufu ya mlivyokubaliana. Kama hamwezi kugawana gharama hiyo kila siku, kubalianeni alipwe mara moja kwa wiki, makato yapungue.
- Weka rekodi ya kilo zake, naye awe na yake. Ujumbe wa malipo unabaki kama ushahidi kwa pande zote mbili.

Mchumaji anayelipwa sawasawa hurudi kwako msimu wa majani mengi, wakati kila mtu anatafuta mikono. Freeman angesema hiyo ni biashara nzuri. Mzee wa kijiji angesema ni utu. Wote wanaelekeza mahali pamoja.

## Mkopo unaongoja bonasi

Mdau mwingine anayesimama kwenye foleni ya bonasi yako ni aliyekukopesha. Inaweza kuwa sacco, duka la pembejeo au programu ya mikopo kwenye simu. Kosa la kawaida ni kukopa mwezi wa Mei kwa kukadiria bonasi ya mwaka uliopita. Tumeona kwenye hesabu yetu kwamba bonasi inaweza kushuka nusu hata kama bei imeshuka kidogo tu. Deni halishuki nayo.

Kwa hivyo kama unakopa ukitegemea bonasi, pima kwa nusu ya uliyopata mwaka jana. Kama nusu hiyo inalipa deni lote pamoja na riba, endelea. Kama hailipi, unacheza kamari na karo. Na usiulize tu "riba ni asilimia ngapi?" Uliza "nitarudisha shilingi ngapi kwa jumla, na lini?"

Jua pia haki zako. Tangu mwaka 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya kwa wanaokopesha kidijitali. Anayekukopesha lazima awe na leseni. Hana ruhusa ya kukutisha, kukutukana, wala kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inasema taarifa zako ni zako. Programu inayotaka kusoma majina yote kwenye simu yako kabla ya kukupa shilingi 2,000 imeshakuambia ni mdau wa aina gani.

## Na sisi je?

Tulisema tutajipima. Kampuni ya malipo ina wanahisa wanaotaka faida, na sehemu kubwa ya faida hiyo hutoka kwa ada unazokatwa. Kwa hivyo maslahi yetu na yako hayafanani kila wakati, na ni vizuri kulisema. Haya ndiyo mambo unayoweza kudai kutoka kwa kampuni yoyote ya pesa kwa simu, sisi tukiwemo:

- Usalama wa pesa. Kanuni za Mifumo ya Malipo za mwaka 2014 zinataka pesa za wateja ziwekwe kwenye hazina ya amana, mbali na pesa za kampuni. Pesa iliyo kwenye simu yako si mtaji wetu wa kufanyia biashara.
- Ada iliyo wazi kabla hujabonyeza kukubali. Ukigundua makato baada ya kutuma, tumekukosea.
- Mahali pa kulalamika ambapo mtu anajibu, kwa Kiswahili unachokielewa. Na jibu lisipokuridhisha, una haki ya kupeleka malalamiko mbele zaidi.
- Wakala anayetendewa haki. Wakala ni mdau wetu na ni jirani yako. Siku ya bonasi akikosa pesa taslimu, wewe ndiye unayelala na simu iliyojaa pesa lakini bila nauli.

Wezi nao wanajua tarehe za bonasi. Ukipigiwa simu uambiwe bonasi yako imekwama na utaje namba ya siri ili iachiliwe, kata simu. Ukipata ujumbe kwamba mtu amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako kwanza kabla ya kurudisha hata shilingi moja. Hakuna mfanyakazi wetu, wa kiwanda wala wa sacco anayehitaji namba yako ya siri.

## Maswali ya kwenda nayo kiwandani

Mwaka wa hesabu wa viwanda vya KTDA unaisha tarehe 30 Juni. Kuanzia Julai hadi Juni, usifute risiti za senta wala ujumbe wa malipo. Jumlisha kilo zako mwenyewe kabla hujaambiwa jumla yako. Kisha, bonasi ikitangazwa au mkutano mkuu ukiitwa, nenda na maswali haya:

1. Kilo zangu kwenye vitabu vya kiwanda zinalingana na za risiti zangu?
2. Makato yangu ni yapi, moja moja kwa jina: mbolea, mkopo, na mengine? Nani aliyaidhinisha?
3. Chai yetu iliuzwa mnadani kwa wastani wa bei gani, na kiasi gani bado hakijauzwa?
4. Kutengeneza kilo moja ya chai kulitugharimu shilingi ngapi, na kiwanda jirani kiligharimika ngapi?
5. Kiwanda kina mikopo gani, ya kazi gani, na itaisha lini?
6. Ada ya usimamizi ilikuwa kiasi gani, na tumepata huduma gani kwayo?

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Bei ya Mombasa mkurugenzi wako haiwezi. Gharama za kiwanda anaziweza, na wewe ndiwe uliyempigia kura.

Unaweza kuuliza haya kwa upole, bila kufunga lango. Mtu anayeuliza akiwa na risiti za miezi 12 mkononi ana haki, ana haraka, na ameanza kuwa na nguvu. Wakiwa watu 20 kutoka senta moja, wote na hesabu zilizojumlishwa, itabidi meza ya mbele iwajibu kwa namba.